Madirisha Yaliyokataliwa

Ami yangu Nassor alizikwa Jumatatu asubuhi, na kwa siku tatu za aza, yaani matanga, sisi wanawake tulikaa nyumbani kwake Mabela, nje kidogo ya Muscat, sebuleni chini, tumeegemea ukuta juu ya magodoro. Nilikuwa mtulivu. Niliwapokea waliokuja, nikapitisha tende na kahawa, nikakusanya vikombe. Siku ya pili mkewe, Bi Zuwena, akaniambia mito haitoshi: "Panda juu, mwanangu, vyumbani imejaa tele." Katika miaka yote niliyokwenda nyumba ile sikupata kupanda ghorofani hata mara moja, sikuwahi kuwa na sababu. Nilifungua mlango wa kwanza, nikaona kitanda kimoja, kabati moja na dirisha moja. Kazi yangu ni madirisha. Nikiingia chumba cha mtu hulitazama dirisha kabla ya kumtazama mwenye chumba, na hili nililitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyefuata mito. Kisha nikachukua mito sita, nikashuka. Tangu hapo watu waliniamkia nikaitikia bila kuwasikia, kwa sababu fikra zangu zilikwisha kurudi kwenye mwaka ambao nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilikuwa nikigombana na maiti huyu ambaye sasa tulikuwa tukimsomea.

Habari za wazee wetu sitazieleza. Walikwisha kufariki wote wawili, na nyumba ya Hail, mitaa mitatu kutoka baharini, ilibaki na mimi, Salim wa miaka kumi na tano, Thuraya wa kumi na mbili na Mundhir wa minane. Nilikuwa nimekwisha kuacha skuli. Ilikuwa nyumba ya chini, yenye sebule, jiko na vyumba viwili, na kila kimoja kilikuwa na dirisha moja kubwa lililoelekea upande wa bahari. Vioo vyake vilikuwa vyembamba, vikitetemeka kila lori lilipopita barabarani. Sebuleni palikuwa na zulia la kijani ambalo lilikwisha kufifia isipokuwa chini ya makochi, na juu ya zulia hilo, mwanzoni mwa mwaka ule, jamaa zetu walikaa kuamua tupelekwe wapi.

Ami Nassor, mdogo wake baba, alikuwa mtu wa wizarani, mwenye maneno machache na kanzu iliyopigwa pasi kama karatasi. Alingoja watu wanywe chai, kisha akasema, "Nyumba hii iko pwani na madirisha yake ni makaratasi. Kikija kimbunga, watoto hawa atawashika nani?"

"Nitawashika mimi, ami," nikasema.

"Kwa mikono?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nnakupa mpaka msimu wa vimbunga," akasema. "Nikija nikaiona nyumba haijakaa sawa, watoto ntawachukua Mabela. Khalas, sisemi tena."

Nikachukua sinia tupu, nikaenda jikoni. Sikufika. Nilisimama nje ya mlango kwa sababu shangazi zangu wawili walikuwa ndani, wakila sambusa zangu na kunisema.

"Nassor anapandisha ghorofa, umeiona?"

"Nimeiona. Watu wawili, hawana hata paka, wanajenga kama hoteli."

"Basi watoto wataenea."

"Wataenea. Na Rayya?"

"Rayya ataozwa. Msichana wa miaka kumi na tisa, pana kazi gani?"

"Kazi ipo. Nani atamchukua kwa mkono huu wa chumvi? Hebu ionje hii, yakhe, kama maji ya bahari."

Nikangoja wamalize kucheka, nikaingia, nikawajazia sahani. Nilikwisha kujua ninachotaka kukijua: wadogo zangu watatu walikuwa na mahali Mabela, mimi sina. Nililiamini hilo kwa muda mrefu sana, na mengi niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa kuliamini.

Nilipata kazi Wattaya, katika karakana ya alumini na vioo iliyojibana kati ya maduka mawili ya magari. Msimamizi alikuwa Mzee Seif, aliyekuja kijana kutoka Unguja, mwembamba, penseli haitoki sikioni. Hakunichukua kwa huruma. Alikuwa na tatizo la siku nyingi: wateja walitaka vyumba vya kulala vipimwe asubuhi, na asubuhi waume wako makazini, na mwanamke aliye peke yake nyumbani hafungulii mwanamume mgeni, sembuse kumwingiza chumbani. Basi kazi zilikuwa zikilala mpaka Ijumaa. Nilipokuja mimi zikaacha kulala. Mzee Seif alibaki garini na magazeti yake, nami nikaingia na futi ya chuma, nikapima upana juu, katikati na chini, kisha urefu mara tatu, nikaandika kipimo kidogo kuliko vyote. Nilinyweshwa chai katika vyumba vingi vya Muscat mwaka ule. Nilijifunza kwamba hakuna ukuta ulionyooka, hata kwa matajiri.

Mwaka huo watu walikuwa wameanza kuagiza vioo vya kimbunga, yaani vioo viwili vilivyobandikwa pamoja na utando katikati. Kikipigwa kinapasuka lakini hakimwagiki. Mzee Seif aliweka kipande kimoja mlangoni pamoja na nyundo, na kila aliyeuliza alikabidhiwa nyundo. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuja na mwanawe wa kiume.

"Piga, bibi, usikionee huruma."

"Kioo cha watu, nikivunje? Mimi si mwendawazimu."

"Nnakuruhusu."

"Mwanangu, umesikia, kaniruhusu," akasema, kisha akapiga, akapiga tena, na mara ya tatu alishika nyundo kwa mikono miwili mpaka mwanawe akamwambia, "Mama, basi, tutanunua!"

Kwenye ukuta wa nyuma wa karakana yalisimamishwa madirisha yaliyokataliwa: la mtu aliyepimiwa vibaya, la mtu aliyebadili nia, la rangi isiyotakiwa. Yalikaa hapo mpaka yakatwe kwa kazi nyingine. Nilikuwa nikiyapitia kila asubuhi kama mtu anayechagua samaki, nikitafuta la kioo cha kimbunga linalokaribia ukubwa wa kwetu. Kila mara lilikuwa moja peke yake, na kila mara la ukubwa usiofaa. Halafu asubuhi moja, kabla joto halijaanza, nikayakuta manne. Manne ya ukubwa mmoja, fremu nyeupe, kioo cha kimbunga, upana mita moja na sentimita ishirini, urefu moja na tano.

"Chukua, Rayya, kabla sijayakata," akasema Mzee Seif. "Nimekwisha kusema na mwenye karakana."

"Ya nani?"

"Ya mtu wa Mabela. Kasema vipimo vimekosewa."

Nikatafuta karatasi ya kazi. Iliandikwa kwa mkono wake: Mabela, ghorofa ya juu, manne. Jina halikuwapo. "Lakini hii umepima mwenyewe, Mzee Seif. Na wewe hukosei."

"Nnazeeka," akasema, akainama kutafuta chini ya meza penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Sikuuliza tena. Niliyataka, na sikutaka kusikia neno litakalonifanya nisiyachukue. Mabela siku hizo nyumba mpya zilikuwa zikiota kila wiki, na wengi walikuwa wakipandisha ghorofa.

Nafasi zetu za Hail zilikuwa kubwa kuliko madirisha hayo, kwa hiyo tulizipunguza wenyewe, Ijumaa moja baada ya nyingine. Salim alikoroga saruji, Thuraya alipitisha matofali, Mundhir alishika pimamaji na kutuambia kwa sauti ya mkuu wa kazi kwamba kitone kimehama. Mzee Seif alikuja mara moja, akala chapati na mchuzi wetu wa maharage, akatazama skrubu nilizonunua, akazitupa. "Hizi zitashika plasta tu. Kioo hakikimbii, mwanangu, kinachokimbia ni fremu. Tia ndefu ziingie tofalini." Nikatia ndefu. Nayajua vizuri yale madirisha, niliyazunguka kwa mikono yangu sentimita kwa sentimita, na mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakutajia: moja na ishirini kwa moja na tano.

Mwisho nikafanya kosa ambalo kila fundi wa Muscat alilifanya. Chini ya dirisha la kusukuma pana reli, na ndani ya reli pana vitundu vidogo vya kutolea nje maji ya mvua. Lakini kwetu mvua huja mara moja au mbili kwa mwaka, na vumbi huja kila siku, na sisimizi. Wateja walilalamika kwamba dirisha jipya linaacha mstari wa vumbi juu ya zulia, kwa hiyo mafundi waliviziba vitundu kwa silikoni kabla ya kukabidhi kazi, na mwenye nyumba alifurahi. Nami nikaviziba, vyote, nikavilainisha kwa kidole nilichokilowesha kwa sabuni. Kwa miezi miwili nyumbani mwetu haikuingia hata chembe ya vumbi. Nilijisifu kwa jirani.

Redio ilipotangaza kimbunga, Ami Nassor alikuja alasiri, siku moja kabla hakijafika, na magari mawili, la pili akiliendesha shemeji yake. Mbingu ilikuwa bado safi na hewa haikutikisika. Mundhir alikwisha kuvaa viatu, hakuna aliyemwambia, alikaa navyo kwenye kochi akingoja kuona nani atashinda.

"Haya," akasema ami. "Nimekuja kama nilivyosema."

"Tazama kwanza, ami. Ulisema utakuja utazame."

Akaenda kwenye dirisha la sebuleni. Sikumjua kuwa ni mtu wa kugusa vitu, lakini aligonga kioo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaweka kiganja chote, akakiacha hapo. Alikwenda jikoni, akagonga; vyumbani, akagonga. Alikagua yote manne. Kisha akapitisha kidole juu ya silikoni yangu kwenye reli.

"Kazi safi," akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata kwake katika maisha yake yote, na alinipa kwa kile nilichokikosea.

Akamgeukia Thuraya. "Na wewe, banati, hutaki kuja Mabela?"

Thuraya akanitazama. Sikumsaidia. "Nakaa na dada," akasema.

"Basi kaeni. Maji ya kunywa yajazeni leo hii, msingoje kesho." Akatoka, na magari mawili yakaondoka matupu kama yalivyokuja. Mundhir akavua viatu. Nilisimama mlangoni nikifikiri kwamba nimemshinda, na nakiri kwamba nililala vizuri.

Upepo ulikuja baada ya adhuhuri. Tulikwisha kupika mapema wali na mchuzi wa nguru, tukijua umeme utakatika, na ulikatika sufuria bado lina moto. Tulikula tukitazama nje. Vioo havikutetemeka, kelele ilikuwa kubwa lakini ilikuwa ya nje. Mfuniko wa tangi la jirani uliruka juu ya ukuta ukaja ukapiga dirisha la sebuleni katikati kabisa. Thuraya alipiga ukelele. Kioo kikapasuka chote, mistari kama utando wa buibui kutoka kona mpaka kona, kikabaki pale pale. Hakikuanguka hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Salim akakiendea, akataka kukigusa, nikamrudisha. Tukarudi kula.

Ni Mundhir aliyeona. "Dada," akasema, "dirisha linajikojolea."

Maji yalikuwa yanapanda ndani ya reli. Mvua haikuwa ikinyesha kwenda chini, ilikuwa ikirushwa moja kwa moja kwenye dirisha, ikipenya chini ya kioo cha kusukuma na kujaa relini, na pale relini haikuwa na pa kwenda, kwa sababu njia yake niliiziba mimi. Ikafurika upande wetu. Tuliweka taulo, taulo zikajaa. Zulia likaanza kugeuka rangi, kutoka ukutani kuja kati, likirudi kijani cha zamani. Salim alikuwa na ndoo na kikombe. "Yanaingia kuliko ninavyochota!" Nikamwona Thuraya akilitazama zulia kisha akinitazama mimi, na nikajua anafikiri ninalolifikiri: kesho ami atakuja, ataliona.

Nilikwenda jikoni kutafuta kisu chembamba. Kwenye droo palikuwa na vyuma vya mishkaki. Nikachukua vinne, nikampa kila mmoja chake, nikawaonyesha kitundu cha kwanza: ingiza kwa nguvu, zungusha, chomoa. Silikoni ilitoka kama funza. Sebuleni nilibaki mimi, jikoni Thuraya, chumba cha wavulana Salim, na chumba chetu Mundhir, ambaye alifanya kazi kwa hasira ya mtu anayemchoma adui. Maji yalibubujika kwanza, upepo ukiyarudisha, kisha yakashuka taratibu, yakabaki chini ya ukingo wa reli, yakipanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Tulikaa hivyo mpaka magharibi, kila mtu na dirisha lake na chuma chake, tukizungumza kwa kupiga kelele kutoka chumba hadi chumba.

"Thuraya, lako?"

"Linakunywa!"

"Mundhir?"

"Langu limekufa! Nimeliua!"

Mara nyingi nimejiuliza kama ningeweza peke yangu. Nadhani zulia lingeharibika zaidi, na nyumba ingebaki imesimama. Dirisha lililofungwa vizuri huzuia upepo na vinavyorushwa na upepo, basi. Halizuii wadi, yaani mafuriko ya bondeni, inayopita mlangoni. Ukibandika utepe wa msalaba juu ya kioo cha kawaida umekipamba tu, na ukiacha dirisha moja wazi ili upepo upumue, kama wengi walivyoambiwa, umeukaribisha ndani. Hayo ndiyo ninayowaambia wateja sasa, kwa kuwa karakana ile nasimamia mimi, na Mzee Seif hayupo. Wananisikiliza, kisha wananiomba niwazibie vitundu kwa sababu ya vumbi. Sizibi. Baadhi yao huenda kwa fundi mwingine.

Ami Nassor alikuja baada ya siku mbili. Barabara ilikuwa imekatwa na wadi, akaliacha gari, akaja kwa miguu, kanzu ameipandisha magotini, matope mpaka kwenye goti. Tulikuwa tumelitundika zulia juu ya ukuta mfupi wa paa ili likauke, kwa mbele, kwa sababu nyuma hapakuwa na jua. Sikuwaza kwamba atapita chini yake.

"Kioo kimepasuka," akasema.

"Kimepasuka, hakikuanguka."

"Nimeona. Na maji? Maji yaliingia?"

Wadogo zangu watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu. "Hayakuingia, ami," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema. Alipogeuka kuondoka ndipo nilipoona begani, juu ya kanzu nyeupe, tone la kijani kubwa kama shilingi, na jingine chini yake likichirizika. Habari ya watoto kuhamia Mabela hakuitaja tena, siku ile wala siku nyingine. Tulibaki Hail. Salim amesoma, Thuraya ana wanawe, Mundhir bado ananiita bosi. Na mimi kwa muda wote huo nilimhesabu ami kuwa mtu aliyejaribu kutugawa akashindwa.

Siku ya tatu ya aza, watu walipopungua, Bi Zuwena alinivuta karibu yake. Alikuwa na eda, amejifunga mtandio mweupe, na alitaka kuzungumza juu ya mumewe kwa kicheko kidogo, si kwa kilio.

"Aliwahi kurudi kutoka kwenu ana doa la kijani begani," akasema. "Baada ya kile kimbunga. Nikamwambia vua nifue. Anacheka peke yake, mtu yule asiyecheka! Akanambia, 'Zulia la kaka limeroa chapachapa, na yule mtoto ananitazama usoni ananambia maji hayakuingia.'"

Nikainamisha uso. "Alijua."

"Alijua, mwanangu. Akasema, 'Waache, Zuwena. Wamekaa.'" Akaipangusa kahawa mdomoni. "Sisi huku juu ndio tulioumia, vioo vyote vilimwagika, vitanda vimejaa vigae. Bahati hapakuwa na mtu. Alikwisha kuagiza madirisha mazuri ya kimbunga, kisha akayarudisha, ati wamekosea vipimo. Akatia vioo vya biskuti. Nikagomba, akanyamaza. Unamjua."

"Vyumba vile alivijenga kwa nani, Bi Zuwena?"

Alinishangaa kweli. "Kwa nani tena? Sisi tuna nani? Kila mtu chake, alisema, wasigombane. Cha mwisho, cha upande wa kivuli, chako wewe. Alisema mkubwa anachoka, alale mchana."

Nikamwambia nakwenda kurudisha mito. Nilibeba miwili tu. Nilipita mlango wa kwanza, wa pili na wa tatu, nikafungua wa mwisho. Palikuwa na kitanda kimoja na kabati moja, pazia limefungwa. Nikaweka mito kitandani, nikafungua pazia, nikatoa futi ya chuma ambayo haitoki mkobani mwangu. Nilipima upana juu, katikati, na chini. Kisha urefu, mara tatu. Moja na ishirini. Moja na tano. Mzee Seif hakukosea hata milimita.

Chini waliniita, kahawa imepoa. Nikaitikia nakuja, nikaanza kupima upya.